Kisa cha jina la Sousa: Ureno, Goa, Brazil, Ouidah na Nairobi

Kesi ya Kapenguria ilipoanza mwishoni mwa 1952, miongoni mwa mawakili waliosimama upande wa Jomo Kenyatta na wenzake watano alikuwamo kijana mmoja aliyezaliwa mwaka 1929 katika familia yenye asili ya Goa, koloni la Ureno la wakati huo katika pwani ya magharibi ya India, akakulia Afrika Mashariki na kusomea sheria London. Jina lake Fitz de Souza. Kenya ilipopata uhuru aliingia bungeni, akawa Naibu Spika, na alifariki dunia mwaka 2020.

Wengi walimjua kwa jina hilo bila kujiuliza limetoka wapi. Wanaojiuliza nao hukimbilia jibu jepesi: jina ni la Kireno, basi babu alikuwa Mreno. Jibu hilo hutolewa kuhusu akina D'Souza wa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, na wakati mwingine wenye jina wenyewe huliitikia. Mimi naona linapotosha, na upotoshaji wake si mdogo. Linafuta mababu halisi wa watu na kuwapachika mababu wa kuazima.

Nimelichukua jina hili moja kwa sababu limeenea kuliko mengi, na safari yake inaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Utalikuta likiandikwa Sousa, Souza, de Sousa, D'Souza, Dsouza, de Soysa, de Zoysa. Kila mahali lilipofika, mlango ulikuwa tofauti: ndoa, ubatizo, utumwa, biashara, uhamiaji wa wakulima maskini. Kwa hiyo anayelisoma jina hili kama ushahidi wa damu anasoma kitu ambacho hakikuandikwa. Kilichoandikwa ni nani aliyekuwa na mamlaka siku ile jina lilipoingizwa kitabuni.

Chimbuko lenyewe ni mto. Sousa ni mto mdogo wa kaskazini mwa Ureno. Unaanzia vilima vya Felgueiras, unapita Lousada, Penafiel na Paredes, kisha unamwaga maji yake katika mto Douro karibu na Porto. Katika karne ya 11, kabla Ureno haijawa ufalme, mabwana wa ardhi katika bonde hilo walianza kujiita kwa jina lake, na wa kwanza anayetajwa na wanasaba ni Egas Gomes de Sousa. Kufikia karne ya 12 ukoo huo ulihesabiwa miongoni mwa koo tano kubwa za eneo hilo, pamoja na Maia, Baião, Riba Douro na Bragança. Ndio waliokuwa wafadhili wa monasteri ya Wabenedikto ya Pombeiro.

Halafu, katika karne ya 13, uzao wa kiume ukakatika. Hapa ndipo kisa kinapoanza kunivutia, kwa sababu jina halikufa pamoja na wanaume wake. Mali na heshima vilipita kwa wanawake. Maria Pais Ribeira, mrithi wa nyumba hiyo, aliolewa na Afonso Dinis, mtoto wa nje ya ndoa wa Mfalme Afonso III. Inês Lourenço, naye wa uzao huo kwa upande wa kike, aliolewa na Martim Afonso Chichorro, mtoto mwingine wa nje wa mfalme yuleyule. Wazao wa ndoa hizo mbili wakalishika jina la Sousa, ingawa kwa upande wa baba walitoka ikulu. Maana yake ni kwamba hata huko bondeni, miaka mia mbili na ushee kabla meli yoyote ya Kireno haijazunguka Rasi ya Tumaini Jema, Sousa lilikuwa tayari limetengana na damu ya baba. Lilifuata urithi.

Watu wa kawaida walilipata kwa njia rahisi zaidi. Mtu akitoka bondeni kwenda kufanya kazi Porto aliitwa "de Sousa", yaani wa Sousa, kama vile kwetu mtu anavyoitwa kwa alikotoka. Mtumishi wa bwana fulani aliweza kulichukua jina la bwana wake. Baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki uliomalizika mwaka 1563, paroko alilazimika kuandika ubatizo, ndoa na vifo, lakini kwa vizazi vingi mtoto alibatizwa kwa jina la kwanza tu na jina la ukoo likajitokeza baadaye, pengine siku ya ndoa. Ndugu wa tumbo moja waliweza kubeba majina tofauti ya ukoo, mmoja akimfuata baba, mwingine bibi wa upande wa mama. Hadi leo Mreno anaweza kubeba majina manne ya ukoo kutoka pande zote mbili. Mfumo huo ulikuwa legevu, na ulegevu huo ndio uliobebwa kwenye meli.

Mtu wa kumtaja hapo ni Martim Afonso de Sousa, wa uzao wa Chichorro. Mwaka 1532 alianzisha São Vicente, makazi ya kwanza ya kudumu ya Wareno nchini Brazil. Miaka kumi baadaye alikuwa Goa kama gavana wa mali zote za Ureno mashariki, na meli iliyompeleka ndiyo iliyombeba padri Francisco Xavier. Jamaa yake, Tomé de Sousa, ndiye gavana mkuu wa kwanza wa Brazil, aliyejenga mji wa Salvador mwaka 1549. Ukoo mmoja ulitoa magavana wa Brazil na wa India ndani ya miaka kumi. Ni rahisi kuishia hapo na kusema kwamba ndivyo jina lilivyoenea, kwa magavana na watoto wao. Lakini watoto wa magavana ni wachache. Mamilioni ya watu wanaolibeba jina hili leo walilipata vingine.

Angalia Luanda, katika Angola ya leo. Karibu na mwaka 1622 Ngola Mbande, mfalme wa Ndongo, alimtuma dada yake Njinga kwenda kuzungumza amani na gavana Mreno, João Correia de Sousa. Simulizi iliyoandikwa na mmisionari Mkapuchini Cavazzi inasema gavana alikaa kitini na kumtandikia mgeni wake chini, naye Njinga akamwamuru mmoja wa wahudumu wake ainame, akakaa juu ya mgongo wake, wakazungumza macho kwa macho. Katika safari hiyohiyo alibatizwa, akapewa jina Ana de Sousa. Jina la ukoo lilikuwa la gavana. Ulikuwa mkataba wa kisiasa uliofungwa kwa maji ya ubatizo, na pande zote mbili zililijua hilo. Baadaye Njinga alipigana na Wareno kwa miongo kadhaa, akaurudia Ukristo wakati wa amani ya miaka ya 1650, na alipokufa Desemba 1663 alikuwa malkia wa Matamba. Mtu akilikuta "Ana de Sousa" katika hati ya Luanda bila maelezo, angeweza kuapa kwamba ni binti wa Kireno.

Goa ndiko mtindo huo ulikogeuzwa kuwa utaratibu wa watu wengi, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki ndiyo sehemu muhimu kuliko zote.

Afonso de Albuquerque aliuteka mji wa Goa mwaka 1510. Mwaka 1543, wakati wa ugavana wa Martim Afonso de Sousa, maeneo ya Bardez na Salcete yakaingia mikononi mwa Wareno. Wafransisko wakapewa Bardez, Wajesuiti Salcete. Mahekalu yalibomolewa, sheria zikatungwa za kuwabana wasiobatizwa, na kuanzia mwaka 1560 hadi 1812 likawapo baraza la Inkwizisheni, yaani mahakama ya kanisa ya kuwahukumu walioshukiwa kuikiuka imani. Watu walibatizwa mmojammoja, lakini mara nyingi walibatizwa kwa makundi, kijiji au tabaka zima kwa siku moja, huku maofisa wakubwa wakisimama kama wasimamizi wa ubatizo. Mbatizwa alipewa jina jipya la kwanza na jina la ukoo la msimamizi wake au la padri. Aliyekuwa na jina la Kihindu la Prabhu akawa Sousa, Kamat akawa Fernandes, Naik akawa Pereira, na mpangilio huo uliweza kugeuka kabisa katika kijiji cha jirani. Kama ndugu wawili walibatizwa siku mbili tofauti na wasimamizi tofauti, watoto wao walikuwa wa "koo" mbili.

Kwa hiyo swali la "wewe ni D'Souza wa akina nani?" halijibiki kwa jina peke yake. Wagoa wenyewe walilijua hilo, na walikuwa na njia yao ya kujuana. Kila kijiji cha zamani kilikuwa na ushirika wa wenye ardhi, unaoitwa gaunkari kwa Kikonkani na communidade kwa Kireno. Desturi za vijiji hivyo ziliandikwa katika hati ya mwaka 1526, kabla ya ubatizo wa makundi. Wanachama wa kiume waligawana mapato ya mashamba ya mpunga, mgawo uitwao zonn, na walipangwa kwa nasaba, kila nasaba ikiitwa vangor. Jina la kibatizo lilipobadilika, vangor haikubadilika. Mtu aliyeitwa Venkatesh akawa António de Souza aliendelea kupokea mgawo wa nasaba ileile, na mwanawe baada yake. Daftari la ushirika likalinda kile ambacho kitabu cha ubatizo kilikuwa kimekifunika.

Tabaka nalo halikuyeyuka. Wakatoliki wa Goa waliendelea kujitambua kama Bamonn, Chardo au Sudir, wakaoana humo kwa humo, na D'Souza wanapatikana katika matabaka yote hayo. Kama jina lingekuwa la damu moja, hilo lisingewezekana. Utafiti wa vinasaba uliofanywa kwa Wakatoliki wa Goa na Mangalore unaelekea hukohuko: asili yao kwa sehemu kubwa mno ni ya bara Hindi lenyewe, na mchango wa Ulaya ni mdogo sana.

Kutoka Goa jina lilisafiri tena. Familia nyingi za Kikatoliki zilihamia kusini, Mangalore na nchi ya Kanara, zikikimbia kodi, njaa, vita na Inkwizisheni. Huko nako hazikupata utulivu: mwaka 1784 Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, aliwakamata Wakatoliki hao kwa maelfu na kuwapeleka Srirangapatna, ambako waliosalimika walikaa hadi alipouawa mwaka 1799. Katika utawala wa Waingereza makarani walipenda kuliandika jina kwa alama ya juu, D'Souza, na namna hiyo ikashika Mangalore na Bombay.

Alama hiyo ndogo ina athari kubwa kwa anayetafuta nasaba. Katika orodha za Kiingereza D'Souza hupangwa kwenye herufi D. Katika orodha za Kireno de Sousa hupangwa kwenye S, maana "de" haihesabiwi. Mtu mmoja huyohuyo aliyetoka Goa kwenda Bombay, kisha Mombasa, anaweza kuonekana katika madaftari matatu kama watu watatu. Na herufi z si kosa la karani. Ndivyo lilivyokuwa likiandikwa na wengi hadi Ureno ilipofanya marekebisho ya tahajia mwaka 1911, ambayo Brazil haikuyafuata. Ndiyo maana leo Ureno imejaa Sousa, Brazil imejaa Souza, na wazao wa Goa waliokwisha kutawanyika wamebaki na z yao. Tahajia inaweza kukudokeza enzi na serikali iliyoandika hati. Ukoo haikuambii.

Sri Lanka nitaipitia haraka. Wareno walikuwa na nguvu pwani ya kisiwa hicho hadi Waholanzi walipowatimua mwaka 1658, lakini jina lilibaki midomoni mwa Wasinhala, likageuka de Soysa na de Zoysa. Charles Henry de Soysa wa Moratuwa, aliyefariki mwaka 1890, alikuwa tajiri wa mashamba na mfadhili, na hospitali ya wazazi ya Colombo ina jina la ukoo wake hadi leo. Wengi wenye jina hilo ni Wabudha. Dini iliyolileta jina iliondoka katika nyumba nyingi, jina likakaa.

Brazil inahitaji muda zaidi, kwa kuwa ndiko waliko akina Souza wengi kuliko mahali popote duniani. Ni miongoni mwa majina ya ukoo yanayoongoza kwa wingi nchini humo, sambamba na Silva, Santos na Oliveira. Wapo waliolipata kutoka kwa walowezi wa Kireno, hilo halina ubishi. Lakini Brazil ilipokea karibu Waafrika milioni tano waliopelekwa kama watumwa, na ilikuwa ya mwisho katika mabara ya Amerika kuufuta utumwa, tarehe 13 Mei 1888. Mtumwa aliingizwa kitabuni kwa jina la kwanza na "taifa" lake: Maria Angola, João Benguela, José Moçambique. Huyu wa mwisho alitoka upande wetu wa bahari, maana katika karne ya 19 meli nyingi zilibeba watu kutoka Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji hadi Rio de Janeiro. Alipopata uhuru alihitaji jina la pili. Wengine walichagua majina ya ibada, kama dos Santos, da Conceição au de Jesus. Wengine walipewa au walichukua jina la aliyekuwa bwana wao.

Mfano ulio wazi kabisa ni João da Cruz e Sousa, mshairi mkubwa wa Brazil. Alizaliwa Novemba 24, 1861 katika mji unaoitwa leo Florianópolis. Baba yake, Guilherme da Cruz, alikuwa fundi mwashi. Mama yake, Carolina Eva da Conceição, alikuwa dobi. Wote wawili walikuwa wamepitia utumwani. Hebu yatazame majina hayo: hakuna Sousa hata mmoja. Sousa lilitoka kwa mwenye nyumba waliyoitumikia, Guilherme Xavier de Sousa, ofisa mkubwa wa jeshi, na mtoto alilelewa na kusomeshwa chini ya paa lake. Alisoma Kifaransa, Kilatini na Kigiriki, akaandika mashairi yaliyoifungulia Brazil mkondo wa ushairi wa ishara, akaandika pia dhidi ya utumwa. Hata hivyo nafasi za kazi zilifungwa mbele yake kwa sababu ya rangi. Kifua kikuu kilimwua Machi 1898, akiwa na miaka 36, na mwili wake ulirudishwa Rio katika behewa la mifugo. Anayesema "Sousa ni jina la kifahari la Kireno" na aiangalie safari hiyo ya behewa kwanza.

Sasa vuka bahari kurudi Afrika, ila kwa mkondo wa kinyume. Francisco Félix de Souza alizaliwa Salvador, Brazil, mwaka 1754. Alifika Ouidah, katika pwani ya Benin ya leo, akafanya kazi ya ukarani katika ngome ya Kireno, kisha akaingia katika biashara ya watumwa kwa nguvu zake zote. Aligombana na Mfalme Adandozan wa Dahomey, akafungwa, akatoroka, na mwaka 1818 akasaidia kumweka Ghezo kwenye kiti cha ufalme. Ghezo alimlipa kwa cheo kilichotokana na jina lake la utani, Chachá, pamoja na nafasi ya juu kabisa katika biashara ya Ouidah. Maelfu kwa maelfu ya watu walipitia mikononi mwake hadi alipokufa mwaka 1849. Aliacha wake wengi, makumi ya watoto, na boma la Singbomey ambamo kaburi lake limo hadi leo. Cheo cha Chachá bado kinarithiwa, na Chachá wa nane alisimikwa mwaka 1995.

Wazao wake wameenea Benin na Togo na wameshika nyadhifa kubwa. Paul-Émile de Souza aliongoza baraza la kijeshi la Dahomey mwaka 1969 hadi 1970. Isidore de Souza, askofu, ndiye aliyeongoza Mkutano wa Kitaifa wa Februari 1990 uliofungua njia ya vyama vingi nchini Benin, na heshima aliyopata kwa kazi ile ni ya haki. Jina lilelile lina mfanyabiashara wa watumwa na mpatanishi wa taifa.

Lakini ndani ya boma la Chachá kulikuwa na watu wa aina mbili: watoto wake, na watumwa wa nyumbani, mafundi, wapagazi na wapiga makasia waliomtegemea. Hao wa pili nao waliingia katika jina, kwa desturi ileile ya kumhesabu mtu katika nyumba anayoitumikia. Kuna pia waliokuwa watumwa Brazil wakarudi baada ya uasi wa Waislamu wa Salvador mwaka 1835, wakaja na majina yao ya Kireno: Souza, da Silva, d'Almeida, Medeiros. Kwa hiyo de Souza wa Ouidah anaweza kuwa mzao wa muuzaji, mzao wa aliyekuwa akimilikiwa na muuzaji, au mzao wa aliyeuzwa ng'ambo kisha akarudi. Kila mji wa pwani ile una familia zinazojua vizuri ziko kundi gani na hazipendi kuulizwa hadharani. Nawaelewa. Hata hivyo mtafiti anayeandika "wazao wa Chachá" kwa kila de Souza anayemkuta anawatendea dhuluma ya pili wale ambao babu zao walibebeshwa jina kama walivyobebeshwa mizigo.

Sasa pwani yetu. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593 na walikaa hadi Waomani walipoiteka Desemba 1698. Karne nzima, na bado huwezi kumpata Mswahili wa Mombasa au Malindi mwenye Sousa la kurithi kutoka enzi hiyo. Kwa nini Luanda na Goa ziwe nayo, Mombasa isiwe nayo? Jibu liko katika kisa cha Yusuf bin Hassan. Baba yake, mfalme wa Mombasa, aliuawa kwa njama za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa Waaugustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia. Alirudishwa Mombasa kutawala mwaka 1626. Tarehe 16 Agosti 1631 alimwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa ndani ya ngome, akawamaliza Wareno na Wakristo wa mji, akarudi kwenye dini na jina lake. Mombasa ilikuwa na Uislamu wake, madaftari yake ya nasaba na mashehe wake. Ubatizo uligusa wachache, na waliobatizwa waliuawa, walikimbia au waliurudia Uislamu. Pasipo ubatizo wa makundi na pasipo mashamba makubwa ya watumwa chini ya bwana Mreno, jina halikuwa na mlango wa kuingilia.

Liliingia baadaye, kwa meli za abiria kutoka Bombay na Mormugão. Wagoa walianza kuonekana Unguja katika karne ya 19 wakiwa washonaji, wapishi, waokaji mikate, wapiga picha, na wanamuziki wa bendi ya Sultani. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulipoanza mwaka 1896, ukarani, forodha, posta na hazina vilihitaji watu waliojua kusoma na kuandika Kiingereza, nao wakaitwa. Serikali ya kikoloni iliwahesabu mbali na Wahindi wengine, kwa kuwa walikuwa raia wa Ureno, Wakatoliki, wavaa suti. Jina la D'Souza lilifanya kazi hapo: lilimtofautisha karani wa Kigoa na karani wa Kigujarati, na kumpa daraja lake katika ngazi ya rangi iliyojengwa na mkoloni. Ndani ya jamii yenyewe, hata hivyo, klabu zilijitenga kwa kazi na tabaka. Washonaji walikuwa na chama chao, makarani chao. D'Souza mshonaji na D'Souza karani hawakukutana ukumbi mmoja Jumamosi jioni.

Wapo walioliacha jina la Kireno kwa hiari. Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine akiwa Joseph Zuzarte, baba Mgoa, mama Mmaasai. Alipoingia katika siasa za ukombozi alichukua jina la upande wa mama. Wengine walibaki nalo na wakapigania nchi hizihizi nalo likiwa kifuani, kama Fitz de Souza. Ng'ambo ya Ruvuma, mshairi Noémia de Sousa, aliyezaliwa Catembe mwaka 1926, aliandika kwa Kireno mashairi ya kudai Uafrika wake akiwa na jina hilohilo, huku asili yake ikichanganya Ureno, Goa na Waafrika wa Msumbiji. Kwake yeye, tofauti na wengi niliowataja, Mreno kweli yumo katika orodha ya mababu.

Kuna pia mahali ambako jina lilisafiri pamoja na damu bila utata mwingi. Kuanzia mwaka 1878 wakulima maskini kutoka Madeira na Azores walipelekwa Hawaii kukata miwa, na Souza bado ni jina la kawaida kule. John Philip Sousa, mtunzi wa muziki wa gwaride wa Marekani aliyezaliwa Washington mwaka 1854, alikuwa mtoto wa Mreno aliyezaliwa Seville. Juu yake ulizushwa uvumi kwamba jina lake lilitungwa kutokana na herufi za kwanza za jina lake halisi na kuongezewa U.S.A., na alilazimika kuukanusha mwenyewe.

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na kufukuzwa kwa Waasia Uganda mwaka 1972, Wagoa wengi wa Afrika Mashariki walihamia London na Toronto. Toronto ilikuwa tayari na maelfu ya Wareno, wengi kutoka Azores, waliofika tangu mwaka 1953, na baadaye wakaja Wabrazil. Kitabu cha simu cha mji huo kilikusanya Sousa wa Azores, Souza wa Brazil na D'Souza wa Nairobi. Watu wa familia hizo tatu wanaweza kukaa benchi moja kanisani bila kuwa na babu wa pamoja hata mmoja.

Jambo hili lina uzito wa kisheria pia, na hapo ndipo ninapowaona watu wakipoteza fedha kwa mawakala. Ureno inawatambua waliozaliwa Goa kabla ya tarehe 19 Desemba 1961, siku India ilipoitwaa, pamoja na watoto na wajukuu wao, kuwa na njia ya kudai uraia wa Kireno kwa kuandikisha uzazi wao Lisbon. Kinachotakiwa ni cheti cha kuzaliwa katika ardhi iliyokuwa ya Ureno. Jina halipimwi. Naik, Mhindu wa Ponda ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kubatizwa, ana haki hiyo kama babu yake aliandikishwa huko. D'Souza wa Mangalore, Mkatoliki kwa vizazi kumi, hana, kwa sababu mababu zake waliihama Goa zamani, na vizazi vilivyofuata vikazaliwa chini ya wafalme wa Kanara na Waingereza.

Kwa D'Souza wa Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kujua alikotoka, cha kuuliza wazee kwanza ni jina la kijiji na la parokia, halafu vangor. Vitabu vya ubatizo vya Goa vinaweza kumrudisha nyuma vizazi vingi, na katika baadhi ya familia jina la kabla ya ubatizo bado linakumbukwa na kutajwa na wazee. Hilo ndilo la kuandika mapema, wakati wanaolijua wangali hai.